Mbwa Wasiopanda Mtumbwi

Mwanaarusi wa Kulesa, kijiji cha ukingoni mwa Mto Tana, alikuwa na mbwa wawili, na katika kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita mbwa hao ndio waliokuwa uzio wa shamba lake. Uzio mwingine hakuwa nao. Mumewe alikuwa amekufa miaka minne nyuma, binti zake wote wawili wameolewa kijiji cha Wema, na wa kumtegemea hakubaki ila shemeji yake Komora, kaka wa marehemu, ambaye naye alikuwa na mguu mbovu na shamba lake mwenyewe la kuhangaikia.

Dume aliitwa Haidhuru. Alikuwa mwekundu, sikio moja limechanika. Jike aliitwa Kazana, mtoto wa huyo dume, mweusi mwenye kifua cheupe, na tangu azaliwe hakuwahi kulala mbali na baba yake. Majina hayo aliyatoa marehemu, na mjane hakuona sababu ya kuyabadilisha.

Mwaka ule mto ulipanda kidogo tu wakati wa vuli. Maji yalifika upande wa ng'ambo, yakalowesha kipande kimoja cha bonde, yakarudi. Mashamba ya upande wa kijijini yote yakakauka, na migomba ikakunja majani. Kwa hiyo mahindi ya Mwanaarusi, yale ya kipande cha ng'ambo, ndiyo yaliyokuwa chakula chake mpaka mto upande tena baada ya masika. Yalikuwa bado na maziwa. Yalihitaji kama siku ishirini yakauke yaweze kuwekwa ghalani, na nyani walilijua hilo sawasawa na yeye.

Kila mtu wa Tana anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Mwanamume akipiga ukelele wanakimbia. Mwanamke akipiga debe wanamwangalia, wanasogea hatua mbili, wanaendelea kula. Lakini mbwa wanamwogopa, na mbwa wawili wanaojua kulizunguka kundi walitosha kwa shamba lile.

Shida ilikuwa kuvuka. Mtumbwi ulikuwa wa Komora, naye alimwachia shemeji yake avukie. Ndio uliowavusha watu kwenda sala ya Ijumaa, ndio uliobeba mpunga, wagonjwa, na mara nyingine maiti. Mbwa aliyelowa akiugusa, lazima uoshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema siku moja kwamba mbwa mkavu kwenye mtumbwi mkavu hana neno. Komora akamjibu, "Mwalimu, nionyeshe mtumbwi mkavu kwenye mto huu." Watu wakacheka, na habari ikaishia hapo. Mbwa wakawa wanaogelea.

Na waliogelea kwa akili. Kila alfajiri walikimbia upande wa juu wa mto, wakasimama ukingoni na kubweka kwa nguvu, wakilowesha miguu tu. Mamba waliposikia kelele walikusanyika upande ule. Hapo mbwa wakanyamaza, wakashuka mbio nyuma ya matete mpaka kwenye kona ya chini, wakaingia majini bila sauti na kutokea ng'ambo wakijikung'uta. Hakuna mtu aliyewafundisha. Haidhuru alijifunza kwa mama yake, Kazana akajifunza kwa Haidhuru. Kazi hiyo ilichukua muda wa kuchemsha sufuria ya chai, na Mwanaarusi aliwangojea juu ya ukingo, kafi mkononi.

Mchana, jua lilipokuwa la kupasua kichwa, yeye alipanda dungu lake la miti na wao wakachimba mchanga chini yake mpaka wakafikia ubichi, wakajilaza humo matumbo chini. Aliwatupia vichwa vya kambare. Aliwakuna migongo kwa ncha ya ufito, maana adhuhuri ilikuwa karibu na hakutaka kutafuta udongo wa kujitoharisha. Haidhuru alipokunwa alinyoosha mguu mmoja wa nyuma ukatetemeka wenyewe, na Mwanaarusi, ambaye kijijini walimjua kwa uso mgumu, alicheka peke yake juu ya dungu.

Dahabo, mwanamke wa Kiorma aliyepita hapo na vibuyu vya maziwa ya kubadilishana na mahindi mabichi, alimkuta siku moja akicheka hivyo.

"Mama Mwanaarusi," akamwambia, "mbwa hawa unawabembeleza kuliko nilivyobembelezwa mimi na mume."

"Mume wako analinda nini?"

"Analinda kivuli."

Ni siku hiyohiyo walipokaa juu ya ukingo wakaona vijana wa Kiorma wakivusha ndama. Walikuja mtoni kwa sababu malisho ya ndani yalikuwa yamekwisha. Ndama mmoja mmoja alifungwa kamba shingoni, mwisho wa kamba ukashikwa kwenye mtumbwi, na mtumbwi ukavuta. Wote walifika. Mwanaarusi aliitazama ile kamba. Watu waliosimama majini pande zote mbili wakipiga maji kwa fimbo na kupiga mayowe, hao hakuwaweka akilini.

Siku nne baadaye alichelewa kuamka kwa homa. Alipofika mtoni jua lilikuwa limeshatoka, na kutoka ng'ambo aliwasikia nyani. Walikuwa wengi, na walikuwa ndani ya mahindi, kwa maana sauti ya mabua yakivunjika ilivuka maji wazi kabisa. Kazana alikwisha kukimbia juu kwenda kubweka. Haidhuru alikuwa anageuka amfuate.

Mwanaarusi alimwita. Akarudi, kwa sababu hakuwahi kuitwa akakataa. Akamfunga shingoni kamba ya katani, akaufunga mwisho wake nyuma ya mtumbwi, akasukuma. Alisema moyoni kwamba leo hakuna muda wa chai kuchemka. Haidhuru aliogelea karibu kabisa na mtumbwi, kichwa juu, akimtazama yeye wala hatazami maji.

Walikuwa wamepita katikati. Kamba ilikazika ghafla, mtumbwi ukainama nyuma, maji yakaingia. Haidhuru hakulia. Kichwa kilizama na kamba ikashuka wima, ikivuta, na mtumbwi ukaanza kugeuka. Mwanaarusi alichukua panga. Baadaye hakuweza kukumbuka kama alifikiri lolote. Aliikata kamba mara moja, mtumbwi ukakaa sawa, na maji pale nyuma yakawa yamejaa matope tu.

Alifika ng'ambo akapiga debe mpaka likabonyea. Nyani waliondoka waliposhiba. Robo ya shamba ilikuwa imelala chini. Kazana alikuwa amefika kwenye kona ya chini kama kawaida, lakini hakuingia majini. Alikaa ukingoni mwa upande wa kijijini siku nzima, na alipoitwa alilaza masikio na kurudi nyuma.

Jioni Mwanaarusi alimwendea Komora. Alimweleza yote, hata kamba, bila kuficha. Komora alimpa pole kwa moyo, kwa kuwa mbwa yule alikuwa wa ndugu yake. Kisha akaombwa mtumbwi umbebe Kazana, kwenda asubuhi na kurudi jioni, na Mwanaarusi ataosha mara saba kila safari kwa mikono yake.

"Safari mbili ni mara kumi na nne kwa siku, shemeji."

"Nitaosha."

"Utaosha, najua. Na watu wakikuona unaosha watajua umepandwa na nani. Hatapanda mtu tena. Na kijiji hiki kina mitumbwi mingapi?"

"Nitakula nini, Komora?"

Komora aliusugua ule mguu wake. Akamshauri avune mabichi yaliyobaki, ayakaushe juu ya moto, apate kitakachopatikana. Yangesinyaa mpaka nusu, na mbegu isingepatikana humo, naye alilijua hilo alipolisema. Mtumbwi wa kuvunia atampa. Mbwa asipande.

Alfajiri Mwanaarusi alimbeba Kazana mikononi, akamtia ndani ya mtumbwi, akavuka kabla watu hawajatoka. Mbwa alijilaza chini, pua kwenye maji ya sakafuni, akatetemeka njia nzima. Mwanaarusi alikuwa na tumaini moja: kwamba akifika tu shambani, akawaona nyani, atakuwa Kazana wa zamani, na kwa siku kumi na sita watavuka hivihivi kwa siri.

Nyani walikuja saa tatu. Kazana aliwaona. Aliingia chini ya dungu, akajikunyata kwenye shimo la mchanga lililochimbwa na baba yake, na asitoke kwa kuitwa wala kwa ufito. Dume mkubwa wa nyani alikaa kwenye mwisho wa shamba, akavunja hindi, akamenya polepole akimwangalia Mwanaarusi.

Basi akaanza kuvuna mabichi. Alivuna akienda mbele na nyani wakivuna nyuma yake, tangu saa tatu mpaka jua likaanza kushuka, bila kunywa maji. Akakusanya rundo la kujaza mtumbwi mmoja. Nalo jua halikuacha muda ila wa kuvuka mara moja.

Hapo alikaa chini. Mahindi yakilala hapa, kesho hayapo. Mbwa akilala hapa peke yake, chui anamchukua, kama alivyomchukua mama yake Haidhuru. Alivyoupima mtumbwi kwa macho, ungejaa mahindi pasiwe na nafasi ya kitu kingine. Alipakia nusu ya rundo, akasimama. Akaita, na Kazana akatoka, akaja mpaka kwenye ukingo wa maji, akakataa hapo. Mwanaarusi alimbeba akamweka juu ya mahindi. Nusu nyingine aliiacha. Hakugeuka kuiangalia, na alikuwa hajafika katikati ya mto aliposikia nyani wamelifikia rundo.

Komora alikuwa amesimama ukingoni akiegemea fimbo, na watu wawili watatu nyuma yake wakingojea kuvuka. Walimwona mbwa.  Wale waliokuwa wakingojea wakageuka mmoja mmoja wakaenda zao.

Mwanaarusi alishusha mahindi, akachota udongo, akaosha mtumbwi. Aliosha mara saba akihesabu kwa sauti, ili asikike. Maji ya ukingoni yalikuwa meusi tayari, na kila alipoinama kuchota alichungulia kwanza.

"Nimeuosha," alisema.

"Nimeona."

"Mahindi yana maganda. Hayakuguswa ndani."

"Hayo ni yako, shemeji, sikuuliza." Komora aliinama kwa shida, akaokota kafi, akaliweka begani. "Hili nitakaa nalo mimi. Ukitaka kuvuka, tafuta mwingine."

"Kuvuka kwenda wapi?" alimwuliza. "Ng'ambo hakuna kitu."

 Komora aliondoka akichechemea, kafi begani. Mwanaarusi alijaza kikapu, akakiweka kichwani, akapanda ukingo. Alirudi mara sita. Yale mahindi, hata akila mlo mmoja kwa siku, yasingefika mwezi wa Ramadhani. Kazana alimfuata kila safari, akitembea upande wa mbali na mto, na mbuzi wa watu walipompita karibu kabisa hakubweka.