Siku Ngoja-Kwanza Aliposema Ndiyo

Karakanani walimwita Ngoja-Kwanza, na wateja waliokuwa wakimletea makochi yao yashonwe upya walilijua jina hilo kabla ya kulijua lolote jingine. Mvivu hakuwa. Kochi likipita mikononi mwake lilitoka likiwa zuri kuliko lilivyokuwa dukani. Ila kabla ya kukata kitambaa alikizunguka kwanza, akakipima, akakikunja, akakipima tena, akaenda kunywa maji, mpaka wenzake wakamwambia kwamba hao wenye kochi wataamua kukaa chini maisha yao yote. Naye alijibu bila kukasirika kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Mkewe, Mama Pacha, aliolewa naye akilijua hilo. Yeye mwenyewe alikuwa msichana wa pupa, wa kuamua huku anatembea, na mama yake alimwambia kwamba mume mtulivu ndiye atakayemfaa. Alidhani pupa yake na utulivu wa mumewe vitakutana katikati, kama maji ya moto na ya baridi kwenye beseni moja. Havikukutana. Kimoja kilipoza kingine, basi.

Kazi yake ilikuwa chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yaliingia kwa magunia, yakachambuliwa, yakachemshwa, yakakaushwa, kisha yakakunjwa na watu wawili wawili, wakisogeleana na kurudi nyuma kama wanaocheza ngoma isiyo na muziki. Alianza kazi hiyo kabla pacha hawajazaliwa, akaifanya akiwa na mimba yao, akairudia wakiwa bado hawajaota meno. Bega lake la kulia lilikwisha kumwambia mara nyingi kwamba limechoka, naye alilijibu kila mara kwamba si yeye aliyelituma.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili ghorofani. Chini kulikuwa na bomba moja la jengo zima na foleni yake, na juu kulikuwa na ukumbi mwembamba ambamo kila mpangaji alijua mwenzake amepika nini na amegombana na nani. Waliingia humo wakisema ni kwa muda mfupi tu, mpaka wapate nyumba. Pacha walijifunza kutembea kwenye ukumbi ule, wakasoma, wakakua. Wa kike akaolewa mbali, wa kiume akapata kazi mbali zaidi. Wazazi wakabaki, bado kwa muda mfupi.

Si kwamba hawakutafuta. Waliangalia nyumba nyingi hata madalali wakaanza kuwakimbia. Ngoja-Kwanza aliikataa ya bondeni kwa kuwa aliona alama ya maji ukutani, akaikataa ya karibu na soko kwa sababu ya msingi uliokaa upande, akaikataa nyingine kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa mwepesi mno kucheka. Na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wenyewe, kwamba hakukosea. Ile ya bondeni ilijaa maji mpaka madirishani. Ya sokoni ilipasuka. Yule mcheshi alikuja kujulikana kwamba amewauzia watu watatu nyumba moja. Mke wa mtu anayekosea ana la kusema. Mama Pacha hakuwa na la kusema. Alichokuwa nacho ni miaka tu, nayo ilikuwa ikipita.

Nyumba kongwe ilikuja kwa njia ya msimamizi wa zamu yake kazini. Msimamizi alikuwa na mjomba aliyestaafu udereva wa treni, mzee mjane, anayeishi peke yake katika nyumba iliyojengwa na babu yake. Mzee alitaka kuiuza, lakini kwa mtu atakayeishi ndani, si kwa mfanyabiashara. Bei ilikuwa ya kuwezekana, kwa sababu nyumba, msimamizi alisema akipunguza sauti kama anayetaja ugonjwa wa mtu, ilikuwa imezeeka.

Walikwenda siku ya mapumziko asubuhi. Mzee Dereva aliwapokea mlangoni kwa sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Treni zilikuwa zimeondoka na masikio yake, na kwa kuwa hakujisikia, alidhani na wengine hawamsikii. Aliwazungusha chumba kwa chumba. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba dirishani mtu aliweza kukaa kama kwenye kiti. Jikoni jua liliingia kutoka pande mbili. Nyuma kulikuwa na ua wenye kamba ya nguo, bomba lao wenyewe, na ukuta wa kuzuia macho ya watu.

Mama Pacha alikaa kwenye kingo ya dirisha akatulia. Nje palikuwa na barabara, lakini kelele zake zilifika zikiwa zimelainika. Aliwaza kwamba hapa mtu anaweza kukohoa bila jirani kumpa pole.

Mumewe wakati huo alikuwa na bisibisi mkononi. Aligongagonga lipu, ikajibu kwa sauti ya debe tupu. Alipanda kwenye kiti akaichoma boriti, na bisibisi ikazama kama inayochoma mkate. Alishuka, akaifuta suruali yake vumbi, akasema mchwa wamo.

"Wamo tangu enzi za babu!" Mzee Dereva alipaza sauti, kwa kiburi kidogo. "Nao wanaipenda!"

Njiani kurudi, Ngoja-Kwanza alisema nyumba si mbaya, lakini ingefaa kwanza kuiona wakati wa mvua. Mama Pacha hakubisha. Walisubiri mvua. Ilipokuja kwelikweli, walijifunika plastiki wakaenda. Walimkuta mzee amepanga masufuria na mabeseni sakafuni, kila kimoja mahali pake, naye anapita katikati yake bila hata kutazama chini, kama mtu aliye kwenye bustani aliyoipanda mwenyewe. Matone yalikuwa yakipiga kila chombo kwa sauti yake. Yeye hakuyasikia. Alisema kwa furaha kwamba mwaka huu paa limetulia.

Ngoja-Kwanza alitazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema itabidi waione tena kiangazi, wajue kuta zinakaukaje. Mama Pacha aliinama akachukua beseni lililojaa, akaenda kulimwaga uani. Mzee Dereva alimfuata mpaka mlangoni. Alijaribu kunong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa kama maongezi ya mtu mwingine.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina tena misimu ya kusubiri. Yule mfanyabiashara wa saruji amekuja mara mbili. Mwambie mumeo."

Mumewe alikuwa amekwisha kusikia, na pengine nyumba ya pili pia ilisikia. 

Walizungumza siku iliyofuata, wakati Mama Pacha anachambua mchele na Ngoja-Kwanza anarekebisha mguu wa stuli. Kwa kawaida Mama Pacha ndiye angeanza kwa kelele, na mumewe angemalizia kwa ukimya. Safari hii alimuuliza kwa upole kabisa, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia, anaogopa nini.

Ngoja-Kwanza aliweka nyundo chini. Akafikiri, kama alivyofikiri kwa kila jambo.

"Nikiinunua, ndiyo basi," alisema. "Hakuna nyingine. Hiyo ndiyo itakayokuwa nyumba tuliyoipata maishani. Sasa kila nikiiangalia nyumba najiuliza, ni hii kweli?"

"Na hivi vyumba viwili, Baba Pacha? Hivi navyo ni nini?"

"Hivi ni vya kupanga."

"Tumezeekea ndani ya vya kupanga."

 Ngoja-Kwanza alishika stuli akaitikisa kuona kama imekaa. Lakini neno lile lilimwingia, kwa sababu usiku wote aligeukageuka kitandani, na kulipokucha, akiwa anafunga vifungo vya shati, alisema kama anayetaja hali ya hewa kwamba leo akitoka kazini wapitie kwa mzee wakamwambie wanainunua.

Mama Pacha alikunja mashuka siku ile kama msichana. Wenzake walimuuliza amepata nini, akasema hajapata kitu bado. Alipika kichwani katika lile jiko la jua. Alitundika nguo kwenye ile kamba. Aliwaweka pacha, kila mmoja na watu wake, katika vyumba vya mbele, wakija likizo.

Mzee Dereva alipoelewa walichokuja kusema, na ilibidi aambiwe mara tatu, alimshika Ngoja-Kwanza mikono yote miwili akaacha kuongea. Kisha akamvuta amwonyeshe bohari. Ngoja-Kwanza alibadilika. Alisema chumba cha pembeni atakifanya karakana yake, na ukumbini atatoa lipu yote mpaka kwenye jiwe. Sauti yake ilikuwa ya kijana aliyekuja kuposa.

Mama Pacha alibaki peke yake katika chumba cha nyuma. Palikuwa na joto, akataka kufungua dirisha. Lilikuwa limekwama. Alilisukuma kwa mkono wa kushoto, halafu kwa yote miwili, na bega lake likamshika kwa maumivu yaliyomfanya aketi. Akiwa ameketi alitazama juu, na kwa mara ya kwanza hakuiona nyumba aliyoitaka. Aliiona kazi. Paa kwanza, kwa kuwa bila paa hakuna lingine. Halafu boriti, zishushwe moja moja. Halafu lipu, sakafu, mifereji, milango. Si kazi ya mwaka, ilikuwa kazi ya miaka mingi, ya watu wanaotoka kazini jioni na bado wana nguvu za kubeba zege.

Kupitia mlangoni alimwona mumewe amepiga magoti, anamwonyesha mzee mahali sakafu ilipodidimia. Mumewe alipotaka kuinuka hakuweza mara moja. Alishika ukuta, akajivuta, na vumbi la chokaa likammwagikia mkononi. Akajikung'uta huku anaendelea kuzungumza kwa furaha.

Nyumba hii ilikuwa yao kweli, Mama Pacha aliwaza. Lakini ingekuwa yao wakati pacha wakiwa wadogo, wakati yule mwanamume alipokuwa akibeba kochi la watu watatu peke yake kichwani. Wakati ule wangeihuisha. Sasa wangeingia humu wazee pamoja nayo, na nani angemshika mwenzake?

Alitoka, akasimama mbele ya mumewe.

"Hatuiwezi," alisema.

Ngoja-Kwanza alitabasamu, akidhani ni utani. Kisha akaacha kutabasamu.

"Umeona nini kipya? Mchwa nimewaona mimi. Paa nimeliona mimi. Nimeshayakubali."

"Hakuna kipya. Nyumba ni ile ile."

"Basi?"

Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwapo, yamejipanga, miaka yote ile kwa mpangilio wake, ya bondeni, ya sokoni, nyingine zote. Alimtazama alivyosimama na ile chokaa mkononi, mtu aliyesema ndiyo mara moja katika maisha yake, akaona kwamba akimwambia atakuwa amemvunja bila kujenga chochote.

"Twende nyumbani, Baba Pacha."

Mzee Dereva alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, bado amejaa furaha, akingoja kusikia. Alimuuliza Ngoja-Kwanza mama amesemaje. Na kwa kuwa kwa mzee yule hapakuwa na njia ya kusema jambo taratibu, Ngoja-Kwanza alilazimika kuinama mpaka sikioni na kulitamka kwa nguvu, neno kwa neno, kwamba mke wangu anasema hatuiwezi. Barabarani mpita njia aligeuka kutazama.

"Haya," alisema mzee. Aliwaambia wakae basi wanywe chai, kwa kuwa chai ilikwisha kuiva. Walikunywa. 

Mfanyabiashara wa saruji aliichukua kabla ya mwezi kwisha. Aliziba madirisha kwa matofali, akaweka geti la chuma, na mifuko ikapangwa mpaka darini, jikoni kwenyewe. Paa alilibadilisha kwa siku chache kwa kutumia vijana sita. Mzee Dereva alihamia kwa mpwa wake, yule msimamizi, ambaye sasa alikuja kazini na macho mekundu, akilalamika kwamba redio ya mjomba inasikika mpaka kwa majirani na kwamba mzee haongei na mtu.

Ngoja-Kwanza hakutafuta nyumba tena. Madalali walipomfuata aliwaambia wamwulize mama. Na kisa kile alipenda kukisimulia, karakanani, msibani, popote watu walipokaa, kwamba mnaniita mimi Ngoja-Kwanza, lakini siku niliyosema ndiyo, nani alisema ngoja? Watu walicheka wakamgeukia Mama Pacha, naye alicheka kidogo pamoja nao. Pole pole mumewe aliacha kukisimulia kama mzaha. Alikisimulia kama jambo lililomtokea, na mwisho wake alitazama mikono yake. Wakiwa wawili hakulitaja kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bega la Mama Pacha lilizidi kuuma. Hospitali ilimhamishia kwenye kuhesabu foronya, kazi ya kukaa. Jumapili moja binti yao alipiga simu, wakaongea ya watoto na ya homa iliyopita, kisha akamuuliza kitu ambacho, alisema, kilikuwa kikimsumbua siku nyingi.

"Mama, si wewe uliyeitaka ile nyumba? Baba anasema ni wewe mwenyewe uliyekataa."

Mama Pacha alitazama upande wa pili wa pazia, ambako mumewe alikuwa amejilaza, magoti yamekunjwa kwa kuwa kitanda kilikuwa kifupi na chumba hakikuweza kupokea kirefu zaidi.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Kwa nini lakini?"

"Ilikuwa ya zamani mno, mwanangu. Wasalimie wajukuu."

Alipokata simu, sauti ilitoka nyuma ya pazia kuuliza ni nani aliyepiga, na alikuwa anasemaje.

"Binti yako," alijibu. "Alikuwa anasalimia tu."