Wario Anasema

Kaka yangu Wario alikufa kwenye mafuriko ya mwisho wa tisini na saba, na alipokufa ndipo akaanza kusema sana. Usinikatize, najua ninachokwambia.

Mimi Halima nauza chai hapa Garsen, karibu na stendi. Wateja walikuwa wakiniuliza nduguyo mwenye digrii anafanya kazi gani hasa, na nikiwajibu kwamba anachunguza nyota zilizozeeka, wanacheka mpaka chai inawapalia. Mworma mzima, mwana wa wafugaji, ng'ombe wa babake wanakonda, yeye anachunga nyota! Lakini ndiyo kazi aliyoisomea Nairobi na baadaye ng'ambo. Nyota zake ni zile zinazovimba na kunywea, zinavimba na kunywea, kama kifua cha mtu anayekata roho. Aliandika kwamba moja kati yao ingefifia ghafla. Hakuna aliyemjali. Katika kazi yao, mwenzako akitumia wazo lako lazima akutaje jina, na heshima ya mtu ni kutajwa. Wario hakutajwa. Alikuja likizo nyumbani amenyong'onyea, hata kula hali.

Barabara ilikuwa imemezwa na mto, watu wanavushwa kwa mitumbwi. Mtumbwi wa Wario ulipinduka mchana kweupe. Waliokuwa ukingoni waliona mkono, kisha wakaona maji matupu. Tana haikumrudisha.

Shekhe alikuwa tayari Wario aswaliwe bila maiti, mashahidi wapo. Mama akakataa. "Maiti iko wapi?" Kila tulipotaja matanga alipiga ukelele mpaka majirani wanakuja mbio. Basi mkewe Wario, Barwako, akabaki hivyo hivyo, si mke si mjane. Ndugu zake walitoka Chewele kuja kumchukua, wakarudi mikono mitupu, maana hakuwa amekaa eda, na nani angemkalisha eda huku mama mkwe anaapa mume yu hai? Iliniuma sana. Msichana yule alikuwa akinyauka mbele ya macho yangu.

Kila jioni Mama alijaza kibuyu maziwa ya Wario akakiweka mlangoni. Asubuhi kikavu. Nikasema ni paka. Nikamfungia paka jikoni, na asubuhi kibuyu kikavu. Sikumtaja paka tena.

Barabara ilipopitika akaja Truphena, binti aliyefundishwa na Wario chuoni. Alikuja na habari njema, masikini. Ile nyota imefifia kweli! Sasa wataalamu dunia nzima wanamtaja Wario, kila makala ina jina lake. Mama akamwambia asome. Truphena akafungua makaratasi yake, akawa anatusomea kwa Kiswahili.

"Wario anasema nyota hii inakufa. Wario anaonyesha kwamba joto lake linashuka. Wario anakataa hoja ya wenzake."

Mama aliinuka mkekani. "Anasema? Lini?"

"Hii ni ya mwezi uliopita, mama," Truphena akajibu, hana hili wala lile.

La haula! Nilimvuta mpaka jikoni. "We binti, una wazimu? Sema alisema!"

"Dada Halima, ndivyo tunavyoandika. Hata mtu aliyekufa zamani, tunaandika anasema. Maandishi hayafi."

"Yasife huko kwenu! Hapa yanamzika Barwako mzima mzima."

Tukarudi. Truphena akajaribu, "Wario alisema…" Mama akamkemea. "Usinibadilishie! Soma kama mwanzo." Ikabidi asome. Wario anasema, Wario anaeleza, Wario anaonya. Wario mwenyewe alikuwa hajawahi kusema hivyo maisha yake yote. Mwili ulinisisimka, jua la saa nane linawaka nje na mimi nasikia baridi, na macho yangu yanakwenda mlangoni yenyewe. Mama alikuwa anatabasamu. Niliogopa lile tabasamu kuliko kitu chochote.

Barwako akajikokota mpaka miguuni pa Mama.

"Mama, msikilize vizuri. Huyu anasema moja kwa moja."

"Ndiyo, anasema!"

"Wario alikuwa na kigugumizi, Mama. Jina langu tu lilikuwa linamshinda. Ba, ba, ba, mpaka nimshike mkono ndipo linatoka."

Tabasamu la Mama likasimama pale pale. "Soma tena," akamwambia Truphena.

Truphena akasoma. Mama aliinamisha kichwa, midomo inachezacheza, kama alivyokuwa akifanya zamani Wario mdogo akikwama kwenye neno, akimsaidia kulitoa. Alingoja. Maneno yakapita yote, hakuna lililokwama.

"Si yeye," Mama akasema. Kisha akalia kile kilio tulichokingoja tangu mafuriko, na alipopata pumzi akaniambia nimwite shekhe na nimtekee mkwewe maji ya kuoga, aanze eda.

Barwako hakuinuka. "Ba," alikuwa akisema pale chini, kwa sauti ndogo. "Ba. Ba." Kisha akajishika mkono mwenyewe, akalimaliza jina lake.