Mlima Nilioupanda Studio

Haya, chekeni, hata mimi siku hizi ninacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Kalemie ipasuke inimeze pamoja na abakosti yangu mpya, ile suti yetu ya bila tai.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Nilikuwa nimemchumbia Feza, na baba yake, Papa Kisimba (mzee mpole, miguu imevimba, safari hawezi tena), aliniomba jambo moja tu: nipande hadi kwao Marungu, kwenye ule mlima uliochongoka kama pembe, ambao hakuna mgeni aliyepita huko asiupige picha, niweke mkono juu ya kaburi la mama yake, kisha nirudi na picha.

"Ukifika pale, njo na mimi nimefika," aliniambia, yaani nikifika mimi ni kama amefika yeye.

Sasa mimi na uvivu wangu, nikaanza kuhesabu: mashua mpaka Moba, halafu lori, halafu miguu, na baridi ile! Nikaingia studio moja mjini, ambako mpiga picha alikuwa ametoka kuuchora mlima ule ule kwenye pazia akiiga kalenda (rangi haijakauka, akaniapia kwamba mimi ni wa kwanza kusimama pale), nikakunja uso kama mtu aliyechoka, akapiga, nami nikaenda kujificha wiki mbili kwa rafiki yangu Katanika. Katikati ya wiki hizo ikapita Pasaka, wala sikuifikiria.

Siku ya kupeleka mahari, nyumba imejaa, Papa aliishika picha kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akawapitishia wageni. Mama jirani kuitazama tu, akaruka.

"Eh! Huu mulima njo wa studio! Mutoto wangu wa komunyo alisimama pale pale, siku ya Pasaka!"

Akakimbia kwake akarudi na picha, na mwingine akaleta yake, na mwingine, mpaka mezani ikawa milima saba, yote ina mkunjo uleule wa pazia, watu wanashika mbavu, Feza amejifunika uso, na mimi jasho limelowesha kola.

Papa peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Basi mama yangu, hakuna muntu alimusalimia?"

Kesho yake nilipanda mashua. Picha sikupiga. Na Feza tulioana mwaka uliofuata, lakini mpaka leo mzee akinituma mahali, hata kuwe mbali namna gani, naenda mwenyewe, maana swali lile sitaki kuulizwa mara ya pili.