Ishirini na Tatu, na Njeru Hayupo

Nilipokuwa mtoto kule Gatuanyaga, mtu angeweza kumkosea Cucu, bibi yangu mzaa baba, akasamehewa kabla chai haijaiva, lakini si kwa kuwahesabu mbuzi wake. Kuhesabu kitu chenye uhai kulikuwa mwiko. Ukinyoosha kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, umekionyesha kifo njia, nacho kitakuja kuchukua chake. Mgeni akiuliza mbuzi wa nyumba hii ni wangapi, Cucu alijibu, "Wapo," na mgeni mwenye adabu aliishia hapo. Hata sisi wajukuu hatukuwa na idadi. Alitutaja kwa majina, mmoja mmoja, akianza na mimi kwa sababu nilibeba jina lake. Aliniita wajina.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeingia darasa la tatu.

Nilijua kuzidisha mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili, na nilikuwa sivumiliki. Nilihesabu nguzo za nyumba, nikahesabu kuku, nikahesabu maharagwe kwenye sahani kabla ya kuyala. Cucu akicheka nilihesabu meno yake. Aliyenijaza kichwa ni Baba. Alifanya kazi kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja nyumbani kwa baiskeli. Kabla hajashuka alipaza sauti, "Msomi wangu! Saba mara nane?" nami nilimjibu mbio, naye alicheka mpaka akakohoa. Cucu alitutazama tu.

"Hesabu ni nzuri," aliniambia asubuhi moja akikamua, mimi nikimshikia kikombe. "Lakini mbuzi usimhesabu. Mwangalie uso."

Habari ya kutohesabu niliisikia, nikaicheka moyoni. Ushamba wa wazee, nikasema. Habari ya uso ilinipita kabisa.

Hiyo ilikuwa miaka ya kafyu, ambapo jua likizama kila mtu awe kwake. Mama alikuwa amejifungua ndugu yangu Kamau, kisha akaugua, akapelekwa hospitali ya Thika na maziwa yake yakakauka. Kamau akabaki na Cucu. Maziwa ya ng'ombe aliyatapika. Uji aliutema. Kilichokaa tumboni mwake ni maziwa ya mbuzi mmoja tu, Njeru, ambaye jina lake kwa Kikuyu ni kama kusema Mweupe. Ukame ulikuwa mkali na mbuzi wengine wote walikuwa wamekauka. Ukitazama vizuri, nyumba yetu nzima ilitegemea chuchu mbili za mbuzi.

Siku moja ya likizo Cucu alimfunga Kamau mgongoni, akashika njia kwenda Thika ili Mama amwone mtoto wake. Mbuzi akaniachia mimi. Mtoto wa Njeru tulimfunga nyumbani, kama kawaida, asije akamaliza maziwa.

"Ukiwarudisha," Cucu alisema, "simama mlangoni mwa zizi, uwaangalie wakiingia."

"Sawa, Cucu."

Niliwapeleka korongoni, palipobaki maji kidogo. Hapo tukakutana na mbuzi wa Mama Mutheu, jirani yetu Mkamba wa ng'ambo ya pili, wakiletwa na mbwa wake tu, maana walijua njia. Wakachanganyika kwenye maji. Mimi nilikuwa juu ya jiwe na sleti yangu, nikijipa hesabu ngumu na kujisifu nikizipata. Vivuli viliporefuka nilishuka, nikawapigia mbuzi mluzi, nikawaswaga nyumbani.

Mlangoni mwa zizi nilinyoosha kidole na kuwahesabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Ishirini na tatu. Sawasawa kabisa na nilivyokuwa nimewahesabu kwa siri wiki iliyotangulia. Nikafunga zizi, nikatazama juu. Mbingu haikuwa imeanguka. Nilijiona mtu mkubwa siku hiyo, nawaambia ukweli.

Cucu alifika yapata saa kumi na moja. Kamau nilimsikia kabla sijawaona. Maziwa waliyobeba yalikuwa yameisha adhuhuri, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Cucu hakukaa hata kupumzika. Alinawa mikono, akachukua kikombe, akafungua zizi na kusimama mlangoni kidogo tu.

"Njeru yuko wapi?"

"Wote wako, Cucu. Nimewahesabu. Ishirini na tatu."

Alijipiga mdomo kwa kiganja. "Haiya! Umewahesabu?"

"Na wametimia," nikasema, maana kiburi hakina breki. Nikamwonyesha mbuzi mweupe aliyekuwa katikati ya wenzake. "Njeru si yule pale?"

Alimtazama yule mbuzi, akanitazama mimi. Nilingoja kofi. Badala yake alinipa kikombe.

"Haya, msomi. Kamua."

Nikapiga magoti, nikapeleka mkono chini ya tumbo kama nilivyomwona akifanya kila asubuhi. Sikukuta kiwele. Nilichokikuta sitakiandika, mimi ni mzee wa kanisa. Yule beberu mchanga aliruka juu, akapiga kikombe teke kikavingirika mpaka ukutani. Mtoto wa Njeru, aliyekuwa amefunguliwa ili aje anyonye, alifika mbio, akamnusa mara moja, akageuka na kuendelea kulia. Hata yeye alijua, na mlango wa shule hajawahi kuuona.

Leo huwa nacheka nikisimulia. Siku hiyo sikucheka. Kamau alinyamaza kuvuta pumzi, na alipoanza tena sauti ilikuwa ndogo zaidi, na ule udogo ndio ulionitia hofu. Yote niliyoyaita ushamba yalinirudia kwa mpigo. Kifo kimekuja, nikawaza. Kimemchukua Njeru ili kimfikie ndugu yangu, na aliyekinyooshea kidole ni mimi.

"Cucu, nimemuua Kamau?"

"Bado," alisema. "Lete kamba."

Tulimfunga yule beberu shingoni, tukashuka korongoni. Cucu mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma nikimvuta mbuzi wa watu huku machozi yakinichuruzika. Jua lilikuwa limebakisha muda mfupi, na kafyu ikitukuta nje, hakuna askari atakayetuuliza habari ya maziwa.

"Kulia utalia nyumbani," Cucu alisema bila kugeuka. "Niambie Njeru yukoje."

"Ni mweupe."

"Weupe ni wengi. Ongeza."

Sikuwa na la kuongeza. Tulitembea, na aibu ile nitaikumbuka mpaka kaburini: mtu wa kumi na mbili mara kumi na mbili, hamjui mbuzi anayemnyonyesha ndugu yake. Kisha, tukipanda upande wa pili, vikaanza kunijia kimoja kimoja.

"Sikio la kushoto limechanwa na mwiba."

"Ehe."

"Chuchu moja ni ndefu kuliko nyingine."

"Ehe. Endelea."

"Akinywa maji hukohoa. Na tangu azae hutembea nyuma ya wengine."

Nilishangaa. Yote hayo nilikuwa nimeyaona kila asubuhi nikishika kile kikombe, na sikujua kama nayajua. Cucu hakunisifu. Aliongeza mwendo tu.

Mama Mutheu tulimkuta kwenye lango lake la miiba, fimbo mkononi, akitoka kumtafuta beberu wake. "Nimewatazama nikaona yeye hayupo," alisema, akampokea kwa kicheko. Yeye pia hakuwa amehesabu. Ndani ya boma mbuzi wake walikuwa wamesongamana, na vumbi lilikuwa limewafanya karibu wote weupe.

Cucu alisimama langoni. "Ingia wewe."

"Cucu, jua linazama, ingia wewe unayemjua."

"Ingia, wajina."

Niliingia. Sikunyoosha kidole. Nilimshika wa kwanza kichwa, nikamtazama uso, nikamwachia. Wa pili alikuwa na sikio zima. Wa tatu, wa nne. Niliwapita wengi mpaka nikasikia kikohozi nyuma yao wote, ukutani. Nikapenya. Sikio la kushoto lilikuwa limechanwa. Nikapeleka mkono chini, na safari hii nilikuta kiwele kilichojaa kikawa kigumu, chuchu moja ndefu kuliko nyingine.

"Huyu!" nilipiga kelele. "Cucu, ni huyu!"

Alimkamua pale pale, akaazima kijiko kwa Mama Mutheu, akamnywesha Kamau bila hata kuchemsha. Nilikuja kuwa muuguzi, kwa hivyo najua mtakaloniambia, niacheni. Kamau alimeza. Akameza tena. Kisha akanyamaza kwa kushiba, na mimi nikakaa chini kwenye samadi nikalia kilio changu chote, nyumbani sikungoja. Tulifika kwetu mwanga ukingalipo, Njeru mbele.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Baba akaja na baiskeli yake. Alituona zizini, akacheka kwa mbali.

"Msomi wangu! Mbuzi wetu ni wangapi?"

Nadhani alitaka kumchokoza mama yake. Nilimtazama Cucu. Nilijua anaweza kusema yote yaliyotokea, na alikuwa na haki. Alikuwa anakamua, wala hakuinua kichwa.

"Wapo, Baba," nikasema. Kisha nikaanza. Nikamwonyesha Njeru na sikio lake. Nikamwonyesha mwenye pembe moja, na bintiye anayeogopa kuku. Mweusi mwenye mguu mweupe, yule anayekula nguo, yule aliyezaliwa siku ya mvua. Niliwataja wote mpaka wa mwisho, kila mmoja na lake. Baba alisimama ameshika baiskeli, kicheko kikamwisha, akanisikiliza kama anavyosikiliza watu wazima.

Cucu akainua kikombe, akapuliza povu. "Huyo sasa amesoma," alisema.

Nimepewa vyeti maishani. Kimoja kimetundikwa ukutani. Hakuna kilichowahi kunipandisha mabega kama maneno yale matatu ya mwanamke asiyejua kuandika jina lake, ambalo ndilo langu. Mama alipona akarudi. Mimi nikasoma, nikafanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, na kila asubuhi nilipokabidhiwa idadi ya wagonjwa niliipokea kwa heshima, kisha nikazunguka mwenyewe kitanda kwa kitanda kuangalia nyuso. Kama kifo hufuata kidole, sijui. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nahesabu sikuwa naangalia, na wale waliotukataza kuhesabu walikuwa wanaangalia wakati wote.

Kamau ni mzee sasa, na mbuzi anafuga pale pale Gatuanyaga. Nilimtembelea juzi. Jioni mjukuu wake, msichana wa darasa la tatu mwenye mdomo kama wangu wa zamani, alitoka zizini akinijia mbio.

"Cucu, wote wameingia! Nimewahesabu!"

Kamau alijipiga mdomo kwa kiganja. Mimi nikaingia jikoni, nikatoka na kikombe, nikampa mtoto.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Haya, kamua."