Mita Mia za Baba

Agosti 2005 tulimzika baba. Bunduki yake ya shabaha ilipoandikishwa kwa jina langu, mdogo wake alinipeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mbele ya Kitisuru. Shabaha ilikuwa mita hamsini, lakini baba alikuwa ameiweka darubini ya bunduki ipige katikati kwa mita mia. Nilitaka ibaki hivyo. Ndicho kitu cha mwisho alichorekebisha kwa mkono wake.

“Itapiga juu,” baba mdogo akasema.

“Nitalenga chini.”

“Wewe na kichwa ngumu! Unashindana ama unaomboleza?”

Mzee huyo hajui kuacha kitu. Nilipoinama kufunga kiatu, akazungusha kigurudumu cha darubini hadi mita hamsini. Nikasikia kikialika, nikajua mita mia za baba zimepotea. Nikalenga katikati, nikafyatua. Risasi ikaingia katikati kabisa.

“Si nilikuambia?”

Nikamwachia bunduki, nikaenda kuketi garini.