Jina la Winga wa Kushoto

Vijana wa Kigoma wakisikia neno mkimbizi huwaza Warundi na Wakongo, maana hao ndio waliowaona wakishuka kwenye maboti. Mkimbizi wa kwanza niliyemjua mimi alikuwa Mzungu. Alifika kwa treni vita kuu ya pili ikiwa haijaisha, akitokea kambi moja ya Wapolandi huko mashariki, akapewa kazi kwenye karakana ya meli bandarini, mahali nilipokuwa fundi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeoa, na jioni nilichezea timu yetu ya Ujiji, winga ya kushoto.

Hatukujua tumweke wapi. Wazungu wa serikali hawakumkaribisha kwao, nasi hatukuwa tumewahi kuona Mzungu anayekula ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka kwa mkono, amekaa juu ya sanduku la vyuma kama sisi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili alivipoteza kwa baridi, huko Warusi walikowapeleka yeye na wenzake kukata miti kabla hawajaachiwa wakashuka hadi Uajemi, na kutoka Uajemi wakaletwa kwetu. Kiswahili alijifunza kwa kuuliza jina la kila kitu alichokishika. Alikataa kuitwa Bwana, tukamwita Fundi.

Siku moja aliona mpira kwenye kikapu changu, akauliza tunacheza wapi. Jioni ile alitembea nasi njia yote hadi Ujiji, akakaa nyuma ya goli mpaka adhana ya magharibi. Tangu hapo hakukosa. Hakutufundisha kitu wala hakushangilia. Alitazama tu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

Historia ya klabu yake alinisimulia kwa vipande, saa ya chakula, wiki baada ya wiki. Ilianzishwa na mafundi wa reli katika mji mdogo wenye mto na tanuri la matofali. Yeye aliichezea akiwa kijana, na miguu ilipochoka akawa katibu wake. Fulana zao za kwanza zilikuwa mashuka yaliyotiwa rangi ya buluu na wake zao, na mvua iliponyesha wachezaji walirudi nyumbani na vifua vya buluu. Kipa alikuwa mwokaji mikate, mtu mnene aliyeruka kuliko wembamba. Winga wa kushoto alikuwa mtoto wa fundi cherehani, Myahudi. Ijumaa jioni, Sabato yao ikianza, hakufanya mazoezi, nao walihamishia mazoezi Alhamisi ili asikose. Hilo alilisema mara nyingi, kwa sababu alituona sisi, Waislamu na Wakristo, tukipanga siku zetu vilevile. Mwaka mmoja walibakiza mechi moja tu wapande daraja. Walifungwa kwenye matope, bao moja, na mji mzima ukawasindikiza nyumbani kama washindi.

Yote hayo alikuwa akiyaandika kwenye daftari la shule, kwa lugha yao. Aliniambia vitabu vya klabu vimeungua, na katibu asipoandika itakuwa watu wale hawakucheza. Katika kuandika alifika kiangazi cha mwisho kabla ya vita, akakwama. Aliorodhesha wachezaji kumi na mmoja, na mbele ya kila jina akaacha nafasi tupu ya kuandika yaliyompata.

Kisha ikaja mechi yetu na timu ya bandari. Nilikuwa nimempita beki, mpira uko miguuni, niliposikia nyuma ya goli sauti ya Fundi ikiita jina ambalo si langu. Aliita mara mbili. Niligeuka, mpira ukatoka nje. Wenzangu walicheka, lakini mimi niliuona uso wake. Hakuwa ananiona mimi.

Ikawa mazoea. Kila nilipokimbia kushoto, jina lile la winga wao. Sitaliandika hapa. Mama yangu, Mha wa upande wa Kalinzi, alipopata habari aliacha kupepeta unga. Alinisihi nisiitike. "Mwana wanje," aliniambia kwa Kiha, yaani mwanangu, "mtu akikuita kwa jina la asiyejulikana alipo, ukiitika umekwenda mahali pake." Nilimjibu kuwa Fundi ni mzee mwenye majonzi tu. Lakini usiku sikupata usingizi vizuri, na uwanjani nilianza kucheza nikiwa nimekaza shingo, nisigeuke.

Vita ilipoisha barua ikamfikia, imechakaa, ina mihuri ya nchi ambazo hatukuzijua. Ilitoka kwa dada yake. Aliisoma asubuhi, akafanya kazi hadi mchana, kisha akaniita tukae upande wa nyuma wa karakana, panapoonekana ziwa. Akanisomea kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno.

Wajerumani walipouchukua mji, Wayahudi walikusanywa kwenye uwanja wa klabu. Walikaa pale siku mbili juani, na wenzao wa mji wakiwatazama kwa nje ya uzio. Siku ya pili yule mwokaji mikate, kipa, aliingia na ndoo ya maji. Wajerumani walimpiga risasi karibu na goli lake. Kisha waliokusanywa wakapelekwa msituni, na msituni hakurudi mtu.

"Na winga?" nikauliza.

"Dada aliwaona wakitoka. Hakumwona yeye." Alikunja barua. "Hakuna aliyemwona. Kwa hiyo mbele ya jina lake siwezi kuandika kitu."

Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga mabati. Halafu akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba spana, "Nitakuita jina lake. Wewe itika. Mara moja tu."

Akaita.

Nilikuwa na kitambaa mkononi, nafuta grisi. Niliendelea kufuta. Nilifuta mpaka vidole vikawa safi kabisa, na sikuitika. Hakukasirika. Alitikisa kichwa, kama kwamba alitegemea hivyo, akarudi kwenye mashine yake.

Hakuja tena uwanjani. Karakanani alinisalimu, alinipa kazi, alinishukuru, lakini habari za klabu ziliisha siku ile. Mama alifurahi, akasema nimepona. Mimi ndiye niliyeanza kugeuka. Nikipata mpira kushoto naona nyuma ya goli hakuna mtu, nao mpira naupoteza. Nilijiambia nitamwitikia siku yoyote atakayoita. Hakuita.

Baada ya miaka miwili hivi kambi zao zilianza kufungwa, watu wakipelekwa nchi za ng'ambo. Zamu yake ilifika. Nilikwenda stesheni nikiwa nimeshaamua: akiniita kwa jina lile nitaitika kwa sauti, mbele ya watu wote, liwalo na liwe. Alikuwa dirishani, daftari mfukoni mwa koti. Treni ilipoanza kusogea aliniona, akainua ule mkono wenye vidole vitatu, akaniita.

Aliniita kwa jina langu mwenyewe. Alilitamka sawasawa, kama mtu aliyelifanyia mazoezi.

"Naam, Fundi," nikasema. Sijui kama alisikia.

Hakuandika, au aliandika barua ikapotea. Sijui kama zile nafasi tupu alizijaza, wala alizijaza na nini. Msimu uliofuata nilimwomba kapteni anihamishie upande wa kulia. Hakuniuliza sababu. Nilicheza vibaya mechi nne, mguu haukulijua eneo lile, kisha nikamrudishia fulana yake nikaacha mpira kabisa.