Hema Ndani ya Nyumba Isiyo na Paa

Kisiwa chetu cha Nzwani kilipotangaza kujitenga na Komoro, mimi nilikuwa Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine, mwalimu wa shule, nimepanga chumba mtaa wa Badjanani. Mke wangu alikuwa kwetu Nzwani, mjini Mutsamudu. Meli zilisimama, simu zikawa haziingii. Watu walinivumilia kwa muda, kisha zikaja ghasia. Vijana walikuwa wakisimamisha wapita njia na kuwasemesha, wasikie nani ana lafudhi ya kwetu.

Mama mwenye nyumba aliniita uani. Alikuwa analia.

"Mwanangu, wamesema ukibaki wataichoma nyumba. Nifanyeje?"

"Usijali, mama. Naondoka leo."

Mwalimu mwenzangu alikuwa anamjengea binti yake nyumba Itsandra, nje kidogo ya mji. Zilikuwa kuta tu, paa bado. Akaniruhusu nikae humo. Nilikuwa na hema dogo la kubeba mgongoni, aliloniuzia mgeni mmoja aliyeshuka mlima Karthala. Vigingi havikuingia kwenye saruji, nikazifunga kamba kwenye matofali.

Kashkazi ya kwanza, msimu wa mvua, hema lilinishangaza. Mvua ilishinda inapiga, nami ndani nimekunja magoti, mkavu kabisa. Iliyotangulia kuharibika ni zipu, kwa chumvi ya bahari. Nikawa naisugua kwa mshumaa. Halafu chini kukaanza kupitisha maji. Lakini adui hasa alikuwa jua. Kitambaa cha juu kilipauka, kikawa unakigusa tu kinachanika. Nilishona, nikapaka nta juu ya mshono. Ufito mmoja ulipasuka, nikauzungushia waya.

Dukani nilinyoosha kidole tu, nisisikike. Siku moja nilijikuta naliambia hema, kwa lugha ya kwetu, "Vumilia kidogo." Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Kashkazi ya pili, alasiri moja, upepo ulivuka kuta ukalipasua hema toka juu hadi chini. Nilibaki nimesimama na kipande mkononi, vitabu vinaelea. Jirani, mwanamke wa makamo ambaye hatukuwahi kusalimiana naye, akachungulia penye tundu la dirisha.

"We mwalimu! Unangoja nini humo? Njoo jikoni."

Nilikaa karibu na moto, nguo zinafuka mvuke. Akanipakulia wali na samaki.

"Wewe Mnzwani, siyo?"

"Ndiyo, dada."

"Nilijua. Mtu hanyamazi hivyo bure."

Yeye na mumewe waliniachia banda lile la jiko nilale mpaka meli ziliporudi.

Mutsamudu, mke wangu alinipokea mlangoni. Alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama.

"Muda wote huu ulikuwa unakaa wapi?"

"Itsandra. Kwa watu."

Akaenda kunitelekea maji ya kuoga. Chumba cha pili wakwe zangu walikuwa wanacheka, wananingoja. Nikakaa ukumbini, nikitafuta namna ya kuwaeleza habari za hema.